Boti Yetu Ilivyoamka



Awali ya yote tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka 10. Tumeombwa tueleze habari ya boti yetu ya Ziwa Kitangiri.

Injini yake ililala ghalani miaka 3. Wapo waliosema, "Jamani, tuiuze chuma chakavu tugawane." Tukakataa. Zile ni hisa zetu, jasho la vitunguu na kuku.

Fundi alipofika alitukataza kuvuta kamba. Kwanza alimwaga petroli ya zamani. Ilikuwa imeganda kama utomvu na kuziba vitundu vya kabureta. Akaisafisha, akabadili plagi na mpira wa mafuta. Akafungua pampu ya maji ya kupoozea, kumbe mapanga yake ya mpira yamekatika! Tungeiwasha vile vile, injini ingeungua. Oili ya gia nayo ilikuwa nyeupe kama maziwa, dalili kwamba maji yameingia. Akabadili oili na sili. Mwisho akaizamisha mguu kwenye pipa la maji, akavuta. Mara ya tatu ikanguruma, vigelegele tele!

Akina mama, injini haikuharibiwa na uzee. Tuliiacha na petroli ndani, na hakuna aliyepewa jukumu la kuitazama. Siku hizi kila mauzo ya samaki tunatenga fungu la matengenezo, na mtunza vifaa anajulikana kwa jina. Tulichokinunua pamoja, tukitunze pamoja.