Mwanga Mmoja, Nyumba 32



Wahitimu, mmeniomba nizungumzie ufundi wa faiba. Nitaanza na kasha dogo linalofungwa juu ya nguzo, ambalo mafundi tunaliita spilita. Halina betri, halina feni, halina waya wa umeme. Uzi mmoja wa kioo unaingia, 32 zinatoka, kila mmoja na nyumba yake. Kwetu Biharamulo na Ngara, tulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya Taifa kutufikia, hilo ni jambo kubwa. Umeme ukikatika hapa Runazi, spilita haina habari. Kwenye kituo cha mtandao pakiwa na betri na nyumbani pakiwa na sola, mawasiliano yanaendelea.

Lakini mwanga ukigawanywa hupungua. Kila ukiugawa nusu kwa nusu, desibeli 3 zimekwenda. Hadi kufikia nyumba 32 umeugawa mara tano, zimekwenda 15, na spilita halisi hula karibu 17. Kilomita 10 za faiba hula nyingine 3 na nusu. Mtandao wa aina hii, uitwao GPON, kwa kawaida huvumilia upotevu wa desibeli 28. Pigeni hesabu hiyo kabla mtaro haujachimbwa! Anayeikwepa hununua mitambo yenye nguvu kupita mahitaji, na bili ya umeme humfuata kila mwezi.

Uzi huohuo hupitisha data pande zote mbili kwa wakati mmoja: mwanga wa nanomita 1490 ukienda majumbani, wa 1310 ukirudi kituoni. Katika kurudisha, nyumba hupokezana zamu za sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini kuna jambo moja ninalowategemea ninyi. Umeme mwingi wa mtandao huu huliwa na visanduku vya majumbani, vinavyowaka usiku kucha hata kama hakuna anayevitumia. Viwango vya kimataifa vinaruhusu visinzie. Kazi ni kuupanga usingizi huo bila simu ya mgonjwa kuchelewa.

Mwaka 2009 Charles Kao alipewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake wa faiba wa mwaka 1966, na mwaka huohuo wa 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam. Leo Mkongo wa Taifa unapita Ngara kuvuka Rusumo kwenda Rwanda. Kuutoa huko hadi zahanati za vijijini kunawahitaji wa kidato cha tano wapige hesabu, na wa VETA waunge nyuzi nyembamba kama unywele.

Wazazi, binti akitaka kupanda nguzo, mnunulieni mkanda wa usalama.