Maji ya Kifuani na Hila Yake

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa wa maji ya kifuani, kwa kuwa una hila, na wengi hudanganywa nao.

Kila pafu limezungukwa na tando mbili nyembamba: moja imeshikamana na pafu lenyewe, ya pili imeshikamana na mbavu kwa ndani. Katikati yake mna maji kidogo sana, yapata vijiko vichache vya chai, nayo huzilainisha tando zipate kuteleza kila tuvutapo pumzi.

Basi tando hizo zikishikwa na ugonjwa hukwaruzana, na mtu huona kichomi kikali ubavuni kila avutapo pumzi au akohoapo. Baadaye maji huanza kujaa katikati. Tando zikiisha kutengana hazikwaruzani tena, na maumivu hupungua. Hapo ndipo penye hila. Mgonjwa husema, "Sasa sijambo," na jamaa zake huahirisha safari ya hospitali. Kumbe maji yanazidi, pengine hata kupita lita moja, nayo hulikandamiza pafu likasinyaa. Mgonjwa huhema kwa kazi ndogo, wala hawezi kulala chali. Yakizidi mno, husukuma moyo upande wa pili, na damu hurudi moyoni kwa shida.

Daktari huyatambuaje? Mwaka 1761, katika mji wa Vienna, daktari Leopold Auenbrugger, mwana wa mwenye nyumba ya wageni, alitoa kitabu kilichoonyesha jinsi ya kugonga kifua kwa vidole. Nasi twaijua njia hiyo, maana hugonga pipa ili tujue maji yamefika wapi. Penye hewa hulia kama ngoma. Penye maji sauti huwa nzito. Siku hizi picha ya eksirei nayo huthibitisha.

Kisha daktari hutia dawa ya ganzi, hupitisha sindano kati ya mbavu, na kuyatoa maji polepole. Kwa kawaida hayapitishi lita moja na nusu kwa mara moja, kwa kuwa pafu likitanuka ghafula laweza kudhurika. Wapo wasemao kwamba atolewaye maji haponi. Sisi twaona kwamba linaloua zaidi ni kukawia. Chale na chuku hazifiki yalipo maji.

Lakini kutoa maji peke yake ni kama kukumba maji ya ngalawa pasipo kuziba tundu. Tundu lenyewe mara nyingi katika nchi zetu ni kifua kikuu, ambacho vijidudu vyake viligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882. Pengine ni nimonia, udhaifu wa moyo, au saratani. Ikiwa ni kifua kikuu, dawa humezwa kwa muda wa miezi 6, na asiyezimaliza hujidhuru mwenyewe na jamaa zake, hata kama alijiona mzima katika mwezi wa pili.

Basi, wazee na walimu, ninyi ndio macho ya vijiji. Mkimsikia mtu asema kichomi kimekwisha, nanyi mwamwona anahema, msimpe pongezi. Mpelekeni hospitali siku ile ile.