"Tutaelewana" Si Bei

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Shikeni daftari na kalamu, kwa maana leo tutaandika.

Leo nitazungumza nanyi juu ya mtu aliyepatwa na ajali mbili kwa siku moja. Ajali ya kwanza ni ya motokaa barabarani. Ajali ya pili ni ya maneno na karatasi, nayo humpata mtu pale gari lake linapovutwa na kupelekwa gereji. Ya kwanza pengine hatuwezi kuizuia. Ya pili twaweza, tukitumia kusoma na kuandika kwetu.

Ninyi mlio Usambara mnaijua barabara itokayo Mombo kupanda Soni hadi Lushoto. Ilichongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Wajerumani, wakati Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni bonde. Malori na pikapu hushuka na kabichi, nyanya, karoti na matunda kwenda Tanga na Dar es Salaam. Mvua ikinyesha na ukungu ukitanda, kona moja tu yatosha kumharibia mtu safari.

Mimi ni mwalimu. Wakati mmoja wa masika nilikuwa nikishuka na pikapu ya ukoo wetu, imejaa kabichi. Chini ya Soni gari liliteleza, likaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia, twamshukuru Mungu. Taa moja ilivunjika na gurudumu la mbele likapinda. Haikupita nusu saa, mara likatokea gari la kuvuta magari, lile watu waliitalo brekidauni. Sikuliita mimi.

Akashuka kijana mmoja, akaniamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mwalimu. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Mtanitoza kiasi gani kunifikisha kwa fundi pale Mombo?"

"Usiwe na wasiwasi, mzee wangu. Tutaelewana."

Kisha akanipa karatasi nitie sahihi. Mvua ilikuwa ikinyesha, nami nilikuwa nikifikiri habari za kabichi. Nikatia sahihi pasipo kusoma.

Gari halikupelekwa Mombo. Lilipelekwa kwenye ua mmoja mbali zaidi, kando ya barabara kuu. Siku ya tatu nilipofika nilikuta injini imefunguliwa, hali injini haikuwa na ubovu wowote. Betri yangu ilikuwa imeondolewa na mahali pake pamewekwa betri kuukuu. Gurudumu la akiba halikuwapo. Nikaonyeshwa hesabu: gharama ya kuvuta, gharama ya kulaza gari kila siku, gharama ya kufungua injini. Nikagomba. Yule bwana akatoa karatasi yangu, akanisomea: mwenye gari amekubali gharama zote na matengenezo yote. Akaniuliza, "Hii si sahihi yako, mwalimu?"

Ilikuwa yangu. Tuliuza ng'ombe wawili kulikomboa gari lile. Nami ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu kusoma!

Basi nisikilizeni vizuri. Neno "tutaelewana" si bei. Bei ni tarakimu, nayo huandikwa. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Haya ndiyo mambo sita ya kufanya.

Jambo la kwanza: watu kwanza, gari baadaye. Tazama kama kuna aliyeumia. Weka alama za hatari mbele na nyuma ya gari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamtaka dereva aliyepata ajali asimame, asaidie waliojeruhiwa, na atoe habari polisi. Namba ya simu ya dharura ya polisi ni 112. Yafaa polisi walione gari kabla halijaondolewa, isipokuwa kama ni lazima kumwokoa mtu. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha za gari pande zote.

Jambo la pili: gari la kuvuta liitwe na wewe. Mpigie fundi umjuaye, au kampuni yako ya bima. Likija gari usiloliita, hulazimiki kulikubali. Polisi wakiagiza gari liondolewe kwa ajili ya usalama, uliza linapelekwa wapi, ukaandike.

Jambo la tatu: andika kabla mnyororo haujafungwa. Andika mambo manne: jina la mvutaji na namba ya gari lake, mahali gari litakapopelekwa, bei ya kuvuta, na gharama ya kulaza gari kwa siku, kama ipo. Kila mmoja atie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala yake. Karatasi yenye nafasi tupu usiitie sahihi, kwa maana mwingine aweza kuijaza baadaye. Na asiyejua kusoma bado, asitie dole gumba mpaka mtu anayemwamini amsomee neno kwa neno.

Jambo la nne: hesabu vitu vilivyomo. Betri, jeki, gurudumu la akiba, redio, spana, mafuta yaliyobaki. Andika pia namba ya kilomita inayoonekana kwenye dashibodi. Kadi ya gari usiiache ndani, ondoka nayo.

Jambo la tano: gereji isifungue kitu kabla ya kupatana. Gari likisha kufunguliwa haliwezi kutembea, nawe huwezi kulipeleka kwa fundi mwingine. Mwambie fundi aandike ubovu, vipuri vitakavyohitajiwa, na ujira wake. Akiona ubovu mwingine, akupigie simu kwanza. Mwombe akurudishie vipuri vya zamani alivyovitoa, upate kuviona. Unapolipa, dai risiti ya mashine ya kielektroniki.

Jambo la sita: itazame bima yako. Bima ndogo, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, humfidia mtu mwingine uliyemdhuru. Haitengenezi gari lako. Bima kubwa hutengeneza na la kwako. Lakini ukiwa na bima kubwa, ipe kampuni habari mapema, na usianze matengenezo kabla haijamtuma mkaguzi wake. Ukianza bila ruhusa, huenda wakakataa kulipa.

Labda msikilizaji mmoja atauliza: "Je, fundi aweza kulizuia gari langu?" Naam. Fundi aliyefanya kazi anayo haki ya kukaa na gari mpaka alipwe ujira wake wa halali. Si jambo la uonevu; naye ana watoto wa kulisha. Lakini ujira huo ni wa kazi mliyopatana. Basi kama patano halikuandikwa, mtagombana juu ya kazi ipi na kiasi gani, na gari liko uani kwake. Mafundi waaminifu ni wengi, nao hufurahi kuandikiana, kwa sababu karatasi huwalinda na wao pia.

Na kama umekwisha kudhulumiwa, usirushe ngumi. Chukua karatasi zako na picha zako. Palipo na wizi wa betri au vipuri, nenda polisi. Palipo na madai ya fedha, Mahakama ya Mwanzo iko karibu nawe. Ipo pia Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humlinda mteja na udanganyifu katika biashara. Kama kampuni ya bima ndiyo inayokusumbua, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Huko kote utaulizwa swali moja: "Maandishi yako wapi?"

Sasa tufanye zoezi. Kila mmoja aandike patano hili katika daftari lake, ajaze nafasi zote, kisha amsomee jirani yake:

"Leo tarehe ........ mimi ........ nimekubali gari langu namba ........ livutwe kutoka ........ hadi ........ kwa shilingi ........ Gharama ya kulaza gari kwa siku ni shilingi ........ Matengenezo yasianze mpaka nikubali kwa maandishi. Sahihi ya mwenye gari ........ Sahihi ya mvutaji ........ Shahidi ........"

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini mwalimu alishindwa, ingawa alijua kusoma?
2. Ni mambo gani manne ya kuandika kabla gari halijavutwa?
3. Bima ndogo na bima kubwa zinatofautianaje?

Likateni patano hilo, likunjeni, mliweke ndani ya gari pamoja na kalamu. Asiye na gari amkatie ndugu yake mwenye gari, au dereva abebaye mazao yake. Kwaherini, na safari njema.