Mwinda Kanga Abebe Nini?



Tuseme umepata leseni, bunduki yako ina hati halali, na kesho alfajiri unakwenda kutafuta kanga na kwale katika mapori ya Magindu, Kibaha, au Vikumburu, Kisarawe. Usiku huu begi liko mbele yako. Utie nini, uache nini? Wengi huanza kuhesabu risasi. Mimi nasema risasi zije mwisho.

Anza na nguo itakayoonekana na watu. Vichaka vya Pwani ni vizito. Mwenzako aliye hatua 30 anaweza asikuone. Tena humo hamna wawindaji peke yao. Wamo akina mama waokotao kuni, wamo wachoma mkaa, wamo watoto na mbuzi wao. Marisau, zile chembe ndogo za risasi, humwangusha ndege aliye mita 35 au 40 hivi, lakini huweza kuruka zaidi ya mita 200. Na kanga hupenda kukimbia chini kabla ya kuruka, akamshawishi mwindaji afyatue usawa wa magoti. Kwa hiyo vaa kofia au fulana ya rangi ya chungwa, na mwenzako avae vivyo hivyo. Ndege ataiona, ni kweli, lakini kinachomshtua zaidi ni mwendo wako. Ongeza filimbi shingoni. Husikika hata pale simu isipopata mtandao.

Pili, yatakayokurudisha nyumbani. Maji lita 2 ni kilo 2. Yabebe bila kunung'unika. Vaa buti zinazofunika vifundo vya miguu, kwa sababu kifutu akisikia hatua hakimbii, hulala palepale. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi wala hafungwi kamba ya kukaza. Mguu hutulizwa usitikisike, naye hupelekwa upesi hospitali: Tumbi kwa aliye Kibaha, hospitali ya wilaya kwa aliye Kisarawe. Tochi ni ya kutafutia njia, si ya kumulikia ndege. Kuwinda usiku ni kosa. Karatasi zako zisikose, na uliza mipaka mapema. Hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi si mahali pa kwenda na bunduki.

Tatu, nyama. Kanga mmoja ana kilo moja na robo hadi moja na nusu. Wanne ni kilo 5 au 6 begani, jua likiwa kali. Kisu kikae kiunoni, si chini ya begi, maana kwetu Pwani wengi hawatamla ndege asiyechinjwa. Mtoe matumbo mapema, kisha mtie katika mfuko wa wavu apitiwe na upepo. Ukimtumbukiza katika kiroba angali na joto, utafika nyumbani na uvundo.

Sasa risasi. Za bore 12 zikiwa 25 zinapita kilo moja. Kumi zinatosha. Mwenye kumi huchagua. Mwenye 50 hujaribu-jaribu.

Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Porini Vikumburu Mnyamwezi huyo hayupo, kila kitu utakibeba mwenyewe. Ukikosa kanga utakula mchicha, na kesho utarudi. Lakini mama aliyekwenda kuokota kuni akipigwa na marisau yako, hakuna leseni itakayomrudisha kwa wanawe.