Mashilingi kwa Mbwa na kwa Mtoto: Je, Kuna Chanjo?

Leo tuzungumze juu ya mbwa wa nyumbani na ukungu wa ngozi.

Usiku mbwa hulinda mbuzi, mchana watoto hucheza naye. Ukimwona amenyonyoka manyoya kwa mabaka ya mviringo, na mtoto naye ana duara linalowasha, huenda ni mashilingi, au choa. Ugonjwa huu huletwa na ukungu, haurogwi. Mbwa na paka huwaambukiza watoto, na watoto nao huambukizana.

Huenda unauliza: kwa nini mbwa asichanjwe? Kuna chanjo moja ya ukungu iliyojaribiwa kwa mbwa, lakini hiyo ni ya ugonjwa mwingine. Huko Arizona, Marekani, kuna ukungu wa udongoni ambao mbwa huuvuta pamoja na vumbi, akaugua mapafu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona waliondoa jeni moja ya ukungu huo ili usilete ugonjwa, wakautumia kama chanjo. Mwaka 2021 walieleza kwamba mbwa waliochanjwa walikingika vizuri kuliko wasiochanjwa. Ni habari njema, ila haizuii mashilingi. Kwa hiyo usingoje.

Fanya hivi, mama:

Mpeleke mtoto kwenye zahanati. Mashilingi ya kichwani hayaponi kwa dawa ya kupaka pekee. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Hata nywele zikianza kuota, usikatize dawa.

Mwite daktari wa mifugo amtibu mbwa pia. Ukimtibu mtoto ukamwacha mbwa, ugonjwa utarudi.

Fua blanketi na uzianike juani. Kila mtoto awe na kichana chake. Mbwa asilale penye matandiko ya watoto.

Daktari wa mifugo akifika, mwombe pia chanjo ya kichaa cha mbwa. Hiyo ipo, na mbwa huchanjwa kila mwaka. Mashilingi humsumbua mtoto, lakini kichaa cha mbwa, dalili zikishaonekana, karibu kila mara huua. Mtoto akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Mwambie na jirani yako. Kwaheri, mpaka kipindi kijacho.