Kupima Usiku Mzima Nyumbani kwa Mgonjwa Aliyewekewa Kichocheo cha Neva ya Ulimi

Ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini hauhitaji maelezo marefu. Koo huziba usingizini, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi. Mara 15 kwa saa ni ugonjwa wa wastani, kuanzia 30 ni mkali. Tiba inayotangulia ni mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, iliyoelezwa na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney mwaka 1981. Kwa wanaoshindwa na barakoa, Marekani iliidhinisha kichocheo cha Inspire mwaka 2014: kifaa chenye betri hupandikizwa kifuani chini ya ngozi, na waya wake huamsha neva inayosogeza ulimi mbele.

Kifaa kinafanya kazi. Katika utafiti wa STAR wenye wagonjwa 126, kiwango cha kati cha matukio ya pumzi kukatika kilishuka kutoka 29.3 hadi 9.0 kwa saa baada ya miezi 12.

Tatizo ni jinsi mafanikio yanavyopimwa baada ya upasuaji, na hapa ndipo mada hii inapotaka kukaa. Mgonjwa hulala maabara, fundi akipandisha na kushusha volti ya kichocheo usiku kucha. Tuseme kwa volti fulani amelala ubavu dakika 40, pumzi ikakatika mara 4. Hiyo ni mara 6 kwa saa, na hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye ripoti. Saa zilizobaki, alipolala chali au volti ilipokuwa ndogo, hazionekani. Mgonjwa anaambiwa amepona. Mkewe bado anamsikia akikoroma na kukabwa. Kumrudisha nyumbani na jibu kama hilo si haki.

Kipimo cha nyumbani hujibu swali lingine, lililo muhimu zaidi: kwa volti moja aliyopangiwa, kitandani kwake, akigeuka apendavyo, hali ikoje hadi alfajiri?

Nacho kina kasoro. Vifaa vingi vya nyumbani havisomi mawimbi ya ubongo, hivyo havijui saa alizolala mgonjwa, na hugawanya matukio kwa saa za kurekodi. Matukio 120 katika saa 8 za kurekodi ni 15 kwa saa. Kama mgonjwa alilala saa 6 tu, ukweli ni 20.

Kwa hiyo inapendekezwa, kwa kuzingatia taratibu za kila hospitali, kwamba ripoti ya maabara itaje dakika na mkao ambamo namba yake ilipatikana. Kila mgonjwa apimwe nyumbani usiku mzima kwa volti moja. Volti isibadilishwe kwa rimoti ya kifaa usiku huo, na muda wa kuwasha na kuzima kifaa uandikwe. Saa za kulala chali zihesabiwe peke yake. Ila wenye moyo ulioshindwa kazi au maradhi makubwa ya mapafu wapimwe maabara. Majibu ya nyumbani yakiwa mazuri lakini mgonjwa bado anasinzia mchana, arudishwe maabara. Na narudia, dakika 40 zisiitwe usiku: wakuu wa vitengo wasifunge faili la mgonjwa yeyote kabla kipimo cha usiku mzima hakijawekwa ndani yake.