Upepo wa Dhoruba na Pumzi ya Bahari

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu na kuzitafakari ishara zake.

Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokikaribia kisiwa cha Mafia, sisi wa Kilosa na Mikumi, tulio zaidi ya kilomita 200 kutoka pwani, tulizisikia habari zake redioni, tukaiona dhoruba kuwa ni maangamizi matupu. Lakini natuangalie yanayopita chini ya mawimbi.

Upepo mkali huyavunja mawimbi, na wimbi likivunjika huimeza hewa. Hewa hiyo hugawanyika viputo visivyo na idadi, na vile vidogo husukumwa chini mita nyingi. Huko uzito wa maji huvibana. Kwenye kina cha mita 10 mgandamizo huwa kama mara mbili ya ule wa juu. Vikibanwa, hewa yake huyeyuka majini, na viumbe wa baharini wakapata pumzi. Vinavyorudi juu hupasuka na kurusha matone ya maji ya chumvi. Pepo huyachukua, na chembe za chumvi hiyo ni miongoni mwa vitu ambavyo mvuke huvishika mawinguni hata ikawa mvua. Basi huenda tone liangukalo shambani Kilosa lina asili yake katika kiputo kilichopasuka baharini.

Povu la dhoruba hutoweka upesi. Manufaa yake hubaki.

Hata hivyo, ndugu zetu, kuijua hekima si ruhusa ya kuwapuuza waliofikwa. Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, watu wengi walipoteza makazi, na reli ikaharibika. Aliyelala hemani hakuhitaji kuambiwa kwamba maji ni neema. Alihitaji blanketi, chakula na jirani wa kumshika mkono. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa onyo, tulifuate, kwani kumfunga ngamia ni katika kutawakali.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuzingatia na mikono ya kusaidia. Amin.